Kushika shilingi ya jasusi

Kila Bunge la bajeti linapoketi Dodoma, hukosi kumsikia mbunge akitangaza kwamba asiporidhika na majibu ya Waziri, atashika shilingi. Asiyezijua siasa zetu hucheka. Shilingi moja ya mshahara wa waziri inamtisha nani? Lakini kitendo chenyewe kina mantiki ya zamani sana. Mbunge hana jeshi, hana polisi, hana gereza. Alichonacho ni kibali cha fedha, na akikizuia hata kwa ishara ya shilingi moja, Waziri analazimika kusimama aeleze.

Sasa mpeleke mbunge huyo huyo kwenye fedha za watu wa kitengo, yaani majasusi wa serikali. Atashika shilingi ipi? Mshahara wa afisa hauonekani, idadi ya maafisa haitajwi, na gari wanalotumia huenda limenunuliwa kwa jina la wizara nyingine kabisa. Bunge linawezaje kutoa fedha kwa kazi lisiyoruhusiwa kuisema hadharani, kisha lihakikishe kwamba fedha hiyo haikutumika kuua, kutesa au kujenga nyumba ya mtu?

Nchi iliyobishana juu ya swali hili kwa muda mrefu, na kwa uwazi wa kutosha hata sisi wa mbali tukaweza kufuatilia, ni Marekani. Usiichukue kama kielelezo cha wema. Ukifika katikati ya makala utaona kwa nini. Ninaichagua kwa sababu mabishano yao yana tarehe, majina na tarakimu, na kwa sababu sehemu ya yaliyobishaniwa yalitendeka huku kwetu: Katanga, mpaka wa Zaire na Angola, na mwilini mwa Mtanzania mmoja.

Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 inasema fedha haitoki Hazina ila kwa idhini ya sheria, na kwamba hesabu za mapato na matumizi zichapishwe mara kwa mara. Ukisoma hapo unaweza kudhani suala limekwisha. Likaja Shirika la Ujasusi, CIA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1947, na miaka miwili baadaye likapata sheria nyingine iliyolitobolea milango miwili. Mlango wa kwanza: shirika linaweza kupokea fedha zilizopitishwa kwa jina la idara nyingine. Wa pili: kwa matumizi ya siri, hati yenye sahihi ya mkurugenzi inatosha kuwa uthibitisho wa malipo. Kama umewahi kuwa mhasibu wa halmashauri, ukaandikiwa hoja na wakaguzi kwa kukosa risiti ya dizeli, isome sentensi hiyo mara mbili.

Raia mmoja wa Pennsylvania, William Richardson, mtu wa kawaida aliyefanya kazi kwenye mambo ya bima, aliona kuna kasoro. Akauliza Hazina: hesabu za CIA zimechapishwa wapi, kama Katiba inavyotaka? Shauri lake likapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1974 majaji watano dhidi ya wanne wakasema hana haki ya kushtaki. Hawakusema hesabu zifichwe. Walisema mlipa kodi kama yeye hakuonyesha madhara yanayompata binafsi kiasi cha kumpa mlango wa mahakama. Maana yake kivitendo ilikuwa moja: kama kuna wa kuuliza, ni Bunge lenyewe.

Na Bunge halikutaka kuuliza. Kwa zaidi ya miaka 25 usimamizi wa CIA ulikuwa mikononi mwa wazee wachache ndani ya kamati za majeshi na za fedha, waliokutana mara chache na mkurugenzi na kuagana naye kwa tabasamu. Mwaka 1956 Seneta Leverett Saltonstall alikiri hadharani kwamba tatizo halikuwa maafisa kukataa kusema. Ni wao maseneta waliosita kuuliza, kwa kuwa kuna mambo ambayo yeye, kama mbunge na kama raia, angependa asiyajue. Ukitaka kuelewa habari nzima ya bajeti za siri, anza na ungamo hilo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake tangu mwanzo.

Mambo yalibadilika Desemba 1974, mwandishi Seymour Hersh alipoandika kwenye New York Times kwamba CIA, iliyokatazwa kufanya ujasusi ndani ya nchi, imekuwa ikiwafuatilia Wamarekani waliopinga vita vya Vietnam. Mwezi uliofuata Seneti ikaunda kamati chini ya Frank Church wa Idaho. Baraza la Wawakilishi nalo likaunda ya kwake, iliyokuja kuongozwa na Otis Pike.

Kamati ya Church ndiyo iliyofunua habari za Lumumba. Ripoti yake ya Novemba 1975 kuhusu njama za kuua viongozi wa nchi za nje inaeleza kwamba Septemba 1960 mwanakemia wa CIA, Sidney Gottlieb, alisafiri hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, akiwa na sumu. Alimkabidhi mkuu wa kituo cha CIA pale, Larry Devlin, itumike dhidi ya Waziri Mkuu wa Kongo. Sumu haikutumika. Lumumba alikamatwa na watu wa Mobutu, akasafirishwa hadi Katanga, na tarehe 17 Januari 1961 akapigwa risasi karibu na Élisabethville, mji tunaouita Lubumbashi, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wauaji walikuwa askari wa Katanga, na maafisa wa Kibelgiji walikuwepo. Kamati haikuona ushahidi kwamba CIA ilihusika na mauaji yenyewe. Lakini kusafirisha sumu ni kazi ya serikali, na kazi ya serikali ina nauli, posho na maabara. Mtu fulani alilipia. Bunge liliidhinisha fedha hiyo bila kujua linalipia nini, na miaka 15 ilipita kabla ya kuuliza.

Kamati ya Church ilipokuwa bado kazini, Angola ikaleta mtihani mwingine, na hapa Bunge lilishika shilingi kweli.

Wareno walikuwa wanaondoka. Julai 1975 Rais Gerald Ford aliidhinisha operesheni ya siri ya kuvisaidia vyama vya ukombozi vya Angola, FNLA na UNITA, dhidi ya chama kingine, MPLA, silaha zikipitia Zaire kwa Mobutu. Fedha, takriban dola milioni 32, zilitoka kwenye akiba ya dharura ya CIA, kwa hiyo hapakuwa na mswada wa kujadili. Lakini kulikuwa na kanuni mpya ya Desemba 1974, iliyodai kwamba Rais akiamuru operesheni ya siri nje ya nchi, athibitishe kuwa ni muhimu kwa usalama wa taifa na kamati husika za Bunge ziarifiwe. Kwa hiyo wabunge walijua. Seneta Dick Clark wa Iowa, mwenyekiti wa kamati ndogo ya Afrika, alikwenda mwenyewe Afrika mwezi Agosti, akarudi na mashaka kwamba anachoambiwa Washington hakifanani na alichokiona.

Akiba ya dharura ilipokauka, serikali ilihitaji fedha zaidi, na fedha hizo zilifichwa ndani ya bajeti ya ulinzi. Hapo ndipo waliponaswa. Tarehe 19 Desemba 1975 Seneti ilipiga kura 54 kwa 22 kuzuia dola yoyote ya bajeti hiyo isitumike Angola. Januari Baraza la Wawakilishi likaunga mkono kwa kura 323 dhidi ya 99. Ford alilalamika kwa hasira, kisha akatia sahihi, maana vinginevyo bajeti nzima ya ulinzi ingekwama. Katazo la Clark lililofuata mwaka 1976 lilidumu hadi lilipofutwa mwaka 1985, na mwaka uliofuata silaha za Marekani zikaanza tena kumfikia Savimbi, kiongozi wa UNITA. Sidai kwamba kura ile iliwaokoa Waangola. Vita yao iliendelea hadi 2002. Ninachosema ni kwamba operesheni ya siri ilisimamishwa na kura ya wazi, na kilichoisimamisha ni fedha.

Kutokana na vurumai hizo zilizaliwa kamati mbili za kudumu za ujasusi: ya Seneti mwaka 1976 na ya Baraza la Wawakilishi mwaka 1977. Utaratibu walioujenga ndio unaotumika hadi leo, na unachanganya hata Wamarekani wenyewe, kwa kuwa fedha inapita hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni kuidhinisha kazi. Kamati za ujasusi huandika mswada wa kila mwaka unaosema mashirika, ambayo sasa ni 18, yanaruhusiwa kufanya nini na kwa kiwango gani cha juu. Sehemu ya mswada inachapishwa, nawe unaweza kuisoma ukiwa Kigamboni kwenye simu yako. Tarakimu zenyewe zimo katika kiambatisho cha siri kinachohifadhiwa kwenye chumba maalumu kisichoingizwa simu. Mbunge asiye mjumbe wa kamati anaweza kukisoma kwa utaratibu uliowekwa, ila hatoki na karatasi wala hawezi kusimulia alichosoma. Wengi hawaendi kabisa.

Hatua ya pili ni kutoa fedha yenyewe, na hiyo ni kazi ya kamati nyingine, za matumizi, hasa kamati ndogo za ulinzi. Sehemu kubwa ya fedha za ujasusi imechanganywa humo, ndani ya bajeti ya wizara ya ulinzi. Kwa miaka mingi mstari wa CIA unaoonekana waziwazi kwenye sheria ya matumizi umekuwa wa mfuko wa pensheni ya maafisa wake: dola milioni 514. Jasusi akiwa kazini haonekani, akistaafu ndipo anapopata kasma.

Nani basi ana nguvu, anayeidhinisha au anayetoa? Sheria inasema fedha ya ujasusi isitumike ila kwa kazi iliyoidhinishwa mahsusi na Bunge. Inasikika kama kufuli imara. Lakini baada ya mswada wa mwaka wa fedha 2005, Bunge lilishindwa kupitisha mwingine wowote hadi Oktoba 2010. Je, mashirika yalifunga ofisi? Hata kidogo. Kamati za matumizi ziliweka sentensi moja ndani ya sheria zao ikisema kwamba fedha zilizotolewa humo zitahesabiwa kuwa zimeidhinishwa mahsusi. Sentensi moja, na kufuli likafunguka. Wanaozijua kamati za ujasusi husema miaka ile zilikuwa zikibweka bila meno. Tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 ilikuwa imeshaandika mwaka 2004 kwamba usimamizi wa Bunge juu ya ujasusi haufanyi kazi ipasavyo, na ikapendekeza mamlaka ya kuidhinisha na ya kutoa fedha yawekwe kwenye kamati moja. Pendekezo hilo halikutekelezwa kama lilivyoandikwa. Hakuna kamati inayopenda kugawa ulaji wake.

Ujanja mwingine ni kutafuta fedha isiyotoka Bungeni kabisa. Mwaka 1984 Bunge, likiongozwa katika jambo hili na Edward Boland, mwenyekiti wa kamati ya ujasusi ya Baraza la Wawakilishi, lilipiga marufuku kuwasaidia kwa silaha waasi wa Nicaragua. Watu wa Rais Reagan wakasema sawa, lakini Baraza la Usalama la Taifa si shirika la ujasusi, kwa hiyo marufuku hayatuhusu. Wakapitisha bakuli nje. Saudi Arabia ilichangia dola milioni 32. Sultani wa Brunei alitoa milioni 10 ambazo hazikufika, kwa kuwa aliyenakili namba ya akaunti ya Uswisi aligeuza tarakimu na fedha ikaingia kwa mtu mwingine. Faida ya kuiuzia Iran silaha kwa siri nayo ikaelekezwa huko huko. Gazeti moja la Beirut lilipofichua mauzo hayo Novemba 1986, kashfa nzima ikafumuka. Baada ya hapo, sheria ya 1991 ilitaka Rais aandike idhini ya kila operesheni ya siri, na aeleze kama nchi au watu wengine watachangia.

Sheria hizo zilibakiza mwanya mmoja wa makusudi. Jambo likiwa nyeti mno, Rais anaweza kuwaarifu viongozi wanane tu: wanne wa vyama katika mabaraza mawili na wanne wa kamati za ujasusi. Mwaka 2003 Seneta Jay Rockefeller aliambiwa kwa njia ya namna hiyo habari za kunasa mawasiliano ya Wamarekani bila kibali cha mahakama. Hakuruhusiwa kumuuliza mwanasheria wake wala mtaalamu wake wa teknolojia. Alichofanya ni kumwandikia Makamu wa Rais Dick Cheney barua kwa mkono wake, kwa kuwa hata karani hakupaswa kuiona, akieleza wasiwasi wake, kisha nakala akaifungia ndani ya kabati la siri la kamati. Anajua, anapinga, na hawezi kushika shilingi, maana ili uishike lazima uwaeleze wenzako unaishikia nini.

Je, jumla ya fedha ni kiasi gani? Kwa miongo mitano hata hilo lilikuwa siri, kwa hoja kwamba adui angepiga hesabu. Mwaka 1997, baada ya kesi iliyofunguliwa na mtafiti Steven Aftergood, mkurugenzi George Tenet alitangaza jumla ya mwaka ule: dola bilioni 26.6. Mwaka uliofuata ilikuwa 26.7. Kisha pazia likashushwa tena, hadi sheria ya mwaka 2007 ilipolazimisha tarakimu ya jumla itangazwe kila mwaka. Mchanganuo wa kina ulionekana mwaka 2013, Edward Snowden alipovujisha kitabu cha bajeti ya siri: bilioni 52.6 zilizoombwa, CIA ikichukua 14.7 na shirika la kunasa mawasiliano, NSA, 10.8. Kwa mwaka wa fedha 2024, ukijumlisha upande wa kiraia na wa kijeshi, ilifika bilioni 106.3. Dunia haikupinduka kwa tarakimu hizo kujulikana.

Kwetu hali inatofautiana nchi kwa nchi. Kenya imeandika ndani ya Katiba ya 2010 kwamba usalama wa taifa uko chini ya Katiba na Bunge, na sheria ya mwaka 2012 ya NIS, idara ya ujasusi ya nchi hiyo, inataja kamati ya Bunge na bodi ya malalamiko. Mkurugenzi Mkuu huhojiwa na wabunge kabla ya kuteuliwa, kama alivyohojiwa Noordin Haji mwaka 2023. Wakenya wana sababu ya kuwa makini: mikataba 18 ya kashfa ya Anglo Leasing ilijificha nyuma ya neno usalama, na neno hilo likawa sababu ya kutouliza bei. Tanzania, Idara ya Usalama wa Taifa ilipata sheria yake mwaka 1996, na marekebisho ya 2023 yakaiweka moja kwa moja chini ya Rais. Bungeni kuna Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, ambayo humo humo ina majeshi, polisi, balozi na wakimbizi. Kamati ya aina hiyo, hata ikiwa na wabunge hodari, ina saa ngapi za kukaa na idara moja, na ina wataalamu wangapi wenye kibali cha kusoma hesabu za siri? Ningeanza kupima usimamizi hapo, kabla ya kufika kwenye vifungu vya sheria.

Maana hata kamati yenye wataalamu na kibali hupata taabu. Kuanzia 2009 kamati ya Seneti, chini ya Dianne Feinstein, ilichunguza mahabusu za siri za CIA. Wafanyakazi wake walipitia zaidi ya kurasa milioni sita za nyaraka, kwenye jengo lililopangishwa na CIA yenyewe na kwa kompyuta zilizotolewa na CIA. Machi 2014 Feinstein alisimama Seneti akasema shirika limepekua kompyuta zile. Mkurugenzi John Brennan alikana kwanza, halafu Julai akaomba radhi. Aliyepaswa kusimamiwa alikuwa akimchungulia msimamizi.

Muhtasari wa ripoti ulitolewa tarehe 9 Desemba 2014. Miongoni mwa majina yaliyomo ni la Mtanzania aliyekamatwa Mogadishu mwaka 2003 na kushikiliwa miaka mitano, kwanza na CIA kisha na jeshi la Marekani huko Afghanistan, akaachiwa bila shtaka. Kwa kuwa kilichofanyika sasa kilikuwa kimeandikwa na Seneti, yeye na wenzake waliweza kuwashtaki wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu za mateso zilizotumika kuwahoji mahabusu hao, kwa malipo ya serikali. Kesi za namna hiyo zilikuwa zikifutwa kwa kisingizio cha siri ya dola. Hii ilifika karibu kabisa na kusikilizwa, na Agosti 2017 pande zote zikakubaliana nje ya mahakama. Masharti ya makubaliano hayakutangazwa.

Ripoti kamili ina zaidi ya kurasa 6,700. Uongozi wa kamati ulipobadilika mwaka 2015, mwenyekiti mpya, Richard Burr, aliandika kutaka nakala zilizosambazwa serikalini zirudishwe, na mwaka 2017 mashirika yakaanza kuzirudisha. Nakala moja Obama alikuwa ameshaiingiza kwenye kumbukumbu za urais wake, kwa sharti kwamba isifunguliwe kwa umma kabla ya miaka 12 kupita.